Nguo Chache za Mwalimu wa Kiseke

Mwalimu alikuwa na nguo chache kuliko mwanamke yeyote wa mtaa wetu, na hakuna aliyemdhania kuwa hana uwezo. Mara ya kwanza nilimwona akimwagilia mchicha wake, amevaa sketi ya kijivu iliyoishia chini kidogo ya goti na blauzi nyeupe aliyoikunja mikono. Jumapili nikamwona anatoka kanisani na sketi ileile, safari hii na blauzi ya bluu na mkufu mwembamba. Wiki hiyohiyo tukazika jirani, na sketi ya kijivu ikawapo tena, imefungiwa khanga juu. Nilikuwa mgeni pale Kiseke, Mwanza. Mimi na mume wangu tulikuwa tumepanga nyumba iliyopakana na ukuta wake, na nikajiuliza huyu mama mbona hana kingine. Baadaye ndipo niligundua kwamba niliikumbuka sketi ile kwa sababu ilimkaa. Wanawake wengine wote waliokuwa msibani siku ile, sikumbuki hata mmoja alivaa nini.

Alikuwa amestaafu kufundisha sayansi kimu katika shule ya wasichana. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, hata wazee waliomzidi umri. Kwao ni upande wa Bukoba, Mlutheri wa kutoka kwa bibi yake, na Kihaya kilimponyoka pale tu aliposhtuka: "Waitu!" Mumewe alikuwa amefariki zamani. Watoto wake walikuwa mbali, na aliyemtembelea mara kwa mara ni mpwa wake wa kike, aliyekuwa anaishi Nyegezi.

Alikuwa mrefu, mabega mapana, na bega lake la kushoto lilikuwa chini kidogo kuliko la kulia. Yeye mwenyewe alilisema hilo wazi, kama mtu anavyosema nyumba yake iko wapi. "Bega langu hili limeshuka. Nguo ya dukani haijui. Fundi wangu anajua."

Fundi huyo alikuwa na kibanda Mirongo, mtu wa mjini hasa, Mwislamu ambaye babu yake na baba yake walishona palepale. Aliniambia mwenyewe kwamba amekuwa akimshonea Mwalimu tangu yeye fundi akiwa kijana, na kwamba katika miaka yote hiyo hakuna nguo aliyoichukua bila kugombana. Nilishuhudia ugomvi mmoja wakati Mwalimu aliponipeleka pale kwa mara ya kwanza. Alikuwa amevaa gauni jipya la kitenge, anajiangalia.

"Fundi, hiki kiuno umekibana."

"Bi Mwalimu, kiuno hakijabanwa. Ni wewe umeongezeka."

"Mimi sijaongezeka tangu niolewe."

"Basi futi yangu ni mwongo, na futi hii niliirithi kwa marehemu baba."

"Mungu amrehemu baba yako, lakini kiuno kiachie."

Halafu akaanza kulijaribu gauni. Hakusimama mbele ya kioo. Aliketi kwenye benchi, akainuka, akainua mikono kama anayeanika nguo, akainama kama anayeokota chaki, akapiga hatua ndefu kama anayeruka mtaro. Wapita njia walisimama kutazama. Hakujali. Alisema nguo inajaribiwa kwa kazi, na kioo hakijawahi kupanda ngazi na mtu. Alidai pia kila mshono uachwe kitambaa cha kutosha kwa ndani, ili siku moja nguo iweze kuongezwa au kupunguzwa. Fundi alilalamika kwamba akiba yote hiyo ya ndani inakula kitambaa. Mwalimu alimjibu, "Mwili una mambo yake. Uachie nafasi."

Watu walidhani ni mbahili. Hakuwa mbahili. Alipenda kitambaa kizuri na alikilipia. Alichokichukia ni nguo ya peke yake. "Nguo isiyo na marafiki sitaki ndani kwangu," alikuwa anasema, na maana yake ni kwamba kabla hajanunua blauzi alijiuliza itakwenda na sketi ipi, suruali ipi, koti gani, viatu gani. Isipopata wenzake, aliirudisha kwenye fungu na kumshukuru muuzaji. Kabati lake nililiona baadaye. Ungeweza kupitisha mkono katikati ya hanga na hanga. Rangi zilikuwa kijivu, bluu ya bahari, nyeupe, na vitenge vichache ambavyo kila kimoja kilikuwa na mojawapo ya rangi hizo ndani yake. Ungefumba macho ukachukua mbili zozote, ungetoka nazo.

Mtihani mkubwa wa imani yake ulikuwa sare. Mtaa wetu ulikuwa na sherehe nyingi, na kila sherehe ilikuja na kitambaa chake na mshono wake. Ukishavaa siku hiyo, basi, nguo inalala kabatini mpaka panya waijue. Binti wa jirani mmoja alipokuwa anaagwa, kamati iliamua tuvae lesi ya rangi ya dhahabu, gauni refu lililobana mpaka magotini kisha likafunguka kama mkia wa samaki. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mwenye saluni pale kona, mama wa maneno mengi na moyo mzuri. Picha ya mshono ilitumwa kwenye kundi la simu. Sote tukajibu kwa vidole gumba. Mwalimu akaandika: "Rangi nimeikubali. Mshono nitachagua mimi."

Siku ya sherehe alikuja na lesi ileile, lakini amegawa vipande viwili: blauzi ya mikono ya kufika kwenye kiwiko, na sketi nyembamba, nyoofu. Mwenyekiti alimfuata mlangoni.

"Mwalimu jamani, si tulikubaliana mshono mmoja?"

"Mlikubaliana. Mimi nilisoma tu."

Ukumbi ulicheka, na mwenyekiti naye akacheka, kisha akaenda kukaa na akashindwa kukaa. Mkia wa samaki ulimkataza. Alikula pilau yake amesimama, ameegemea nguzo. Mwaka uliofuata blauzi ya dhahabu tuliiona Pasaka juu ya sketi ya kijivu, na sketi ya dhahabu tuliiona kwenye mahafali ya mpwa wake, pamoja na fulana nyeupe ya kawaida kabisa, na watu wakamuuliza ameinunua wapi. Muda si mrefu mwenye saluni alikuja kwangu kwa sauti ya chini kuuliza fundi yule wa Mirongo anapatikana siku gani.

Lakini nisimfanye malaika. Mwalimu huyuhuyu, aliyetuzuia wote kununua kwa pupa, alikuwa anatoroka. Asubuhi nyingine ungemkosa, na ukimpigia simu unasikia kelele za soko la mitumba la Mlango Mmoja, wauzaji wanapiga makofi belo la nguo likifunguliwa. Akiulizwa anasema amepita tu. Siku moja alirudi na koti la sufu, jekundu kama pilipili, zito, la watu wanaoishi kwenye barafu. Mwanza! Jua la mchana linachemsha mawe.

"Mwalimu, hili la kwendea wapi?"

"Bukoba asubuhi kuna baridi."

"Sio baridi hii."

"Mvua ya Machi unaijua wewe?"

"Na marafiki zake ni nani?"

Alilitazama koti, akapapasa kola yake kwa kidole gumba. "Hana," akasema. "Ni yatima. Nimemchukua." Na hakulivaa hata siku moja. Alilitoa mara kwa mara, akalipiga brashi, akalirudisha. Nilimpenda zaidi kwa sababu ya koti lile.

Alikuwa pia mkali mahali ambapo hakukuwa na haja. Hakusifia. Ukimwonyesha nguo mpya, angeigeuza ndani nje kwanza, aangalie mishono, wakati wewe unasubiri neno. Binti yangu mkubwa alipokuwa mdogo alimwogopa kwa sababu hiyo. Madera aliyachukia waziwazi. "Dera ni la kulalia," alisema, mbele ya wanawake waliokuwa wamevaa madera. Alikuwa hajui kuomba radhi. Badala yake kesho yake angekuletea ndizi.

Sasa niseme alichonifanyia mimi.

Nilipojifungua mtoto wa pili, likizo ilipokaribia kwisha, kila siku nilifungua kabati na kulia. Kabati langu lilikuwa la milango mitatu na lilijaa mpaka mlango mmoja haufungi. Nilifanya kazi kwenye ofisi ya bima, kazi ya kukaa mbele ya watu, na hakukuwa na nguo hata moja iliyokubali kufungwa zipu. Asubuhi moja Mwalimu alikuja na mchicha, akanikuta nimekaa sakafuni katikati ya rundo, mtoto analia kitandani na mimi nalia chini.

"Shikamoo Mwalimu," nikasema huku najifuta.

"Marahaba. Nani kafa?"

"Sina nguo."

Alilitazama rundo. Hakucheka. Alimchukua mtoto, akamweka begani, akakaa ukingoni mwa kitanda. "Vaa moja moja," akasema. "Nikuone."

Tulianza. Gauni la pinki: halipandi nyonga. Suruali nyeusi: inaishia katikati. Blauzi ya maua: vifungo vinapasuka. Kila iliyokataa niliirudisha kwenye hanga kwa uangalifu.

"Hiyo unamwekea nani?" akauliza.

"Nikipungua nitaivaa."

"Huyo mtu unayemwekea nguo, akirudi atakuja na zake. Wewe uliyepo leo ndiye unakwenda kazini Jumatatu. Mvike huyo."

Nilisikia kama mtu kanifungulia kamba kiunoni. Mpaka mchana tulikuwa na mafungu. Nyingi ziliondoka, wadogo zangu Sengerema walifurahi. Zilizobaki zilikuwa chache mno hata nikaogopa. Gauni mbili fundi wa Mirongo aliziachia kiuno, maana kwa bahati zilikuwa na kitambaa cha ndani. Sketi moja ya bluu aliishona mpya. Mwalimu mwenyewe alinitafutia koti dogo jeusi mitumbani, likapunguzwa mikono mpaka likawa kama nilizaliwa nalo. Kwa nguo hizo nilirudi kazini, na nilizivaa kwenye kazi, harusi, vikao vya shule na misiba kwa muda mrefu sana. Asubuhi zangu zikawa nyepesi. Nilifungua kabati, nikachukua, nikaenda. Mtu asiyewahi kusimama mbele ya kabati lililojaa na kujiona hana kitu hawezi kujua raha ya jambo hilo dogo.

Kisha yeye akaugua.

Aliniambia kutoka upande wake wa ukuta, anamwagilia mchicha. "Wameona kitu kwenye titi."

"Kitu gani, Mwalimu?"

"Kitu. Alhamisi wanakitoa."

Alhamisi alikwenda hospitali kubwa na mpwa wake, amevaa gauni la bluu, mkoba mkononi, kama anayekwenda kusimamia mitihani. Hawakutoa kitu tu. Walitoa titi lote la kushoto. Daktari alisema operesheni imekwenda vizuri, lakini lazima aendelee na dawa kwa tarehe watakazompa, asiruke hata moja. Alikwenda tarehe ya kwanza. Ya pili ikapita yuko nyumbani. Mpwa wake akanipigia simu Jumamosi: "Dada, mimi kaniambia nisimsumbue. Jaribu wewe, tafadhali."

Nilimkuta sebuleni mchana kweupe, mapazia yamefungwa. Alikuwa amevaa dera. Nilishtuka zaidi kwa lile dera kuliko kwa habari zote nilizokuwa nimezisikia.

"Mwalimu, tarehe imepita."

"Kalenda najua kuisoma."

"Basi kwa nini?"

Alilivuta dera upande wa kifua. Halafu akasema bila kuniangalia: "Nikivaa blauzi, upande huu unaning'inia mtupu. Pale hospitali tunakaa kwenye benchi, watu wanapita. Hawaniangalii usoni. Hawajui hata kama wananiangalia. Nimesimama mbele ya wasichana maisha yangu yote wakinitazama, nilikuwa sijali. Sasa najali."

"Lakini Mwalimu, wewe ndiye uliyeniambia nimvike aliyepo leo."

Hapo akageuka. "Nilikwambia wewe. Wewe mwili ulikubadilikia ukakupa mtoto. Mimi umenipa nini?"

Nilikaa naye, tukasikiliza redio ya jirani kupitia dirishani, nikaondoka. Lakini sikwenda nyumbani. Nilichukua bajaji mpaka Mirongo.

Fundi alinisikiliza huku anashona. Nilipofika kwenye dera, akasimamisha cherehani.

"Dera? Bi Mwalimu?"

"Ndiyo, Fundi."

"Mkono wa upande huo anauinua?"

"Kidogo. Unamuuma."

Alikunja na kukunjua kipande cha kitambaa. Kisha akavaa kofia yake, akaning'iniza futi ya kamba shingoni, akafunga kibanda mchana ule wateja wakiwa wanakuja. Miaka yote ile hakuwahi kufika kwa Mwalimu. Tulipobisha hodi na Mwalimu akaona ni nani, alisimama, akajifunika kifua kwa mkono.

"Nani kakuleta huku?"

"Nimekuja na malalamiko, Bi Mwalimu," alisema Fundi, bado yuko mlangoni.

"Malalamiko gani?"

"Wateja wangu wote wananisifu. Tangu uache kuja hakuna anayenigombeza. Nimeanza kushona vibaya."

"Hujaanza leo," Mwalimu akamjibu.

Nikaona pembe ya mdomo wake inacheza. Fundi aliingia, akaketi kwenye kiti cha mbali karibu na mlango, akaomba maji. Alipomaliza kunywa akasema anataka blauzi zote ziletwe, na kwamba hawezi kurekebisha bila vipimo vipya. Mwalimu akakataa. Fundi akasema haina neno, atakaa barazani, nimpime mimi chumbani, niwe nasoma kwa sauti.

Tukafanya hivyo. Fundi barazani amegeukia barabara, mimi chumbani na futi, mlango umerudishwa. Mwalimu alifumba macho alipovua dera. Kovu lilikuwa refu, bado jekundu, limekaa kwenye kifua chake kama mstari uliochorwa kwa mkono usiotulia. Nilizungusha futi, naogopa kuligusa kovu, nikasoma.

"Haiwezekani," Fundi akapaza sauti kutoka nje. "Hicho ni kipimo cha mtoto wa shule. Rudia."

Nikarudia. Nikasoma.

"Sasa hicho ni cha tembo. Mama, umeshika futi au umeshika nyoka?"

Mwalimu akafumbua macho. "Lete hapa," akanipokonya futi. "Hujui hata kuishika." Akasimama mbele ya kioo kwa mara ya kwanza tangu operesheni, akajipima mwenyewe, kifua, chini ya kwapa, bega hadi kiuno, upande wa kulia kisha upande wa kushoto, na kila kipimo akakitangaza kwa sauti ile ya darasani, na Fundi akajibu, "Haya. Endelea." Alipofika upande wa kushoto sauti ilikatika. Tulisubiri, mimi ndani na Fundi nje. Kisha akakisoma kile kipimo, wazi kabisa.

"Haya," alisema Fundi polepole. "Endelea."

Kabla hajaondoka, Fundi alieleza kwa kutumia blauzi nyeupe mkononi, macho yake yakiitazama blauzi tu. Angeweza kuweka mfuko mdogo kwa ndani, wa kitambaa laini, wa kutia pamba, na nguo ikakaa sawasawa pande zote mbili. Au angeweza kukata upya upande wa kushoto uufuate mwili ulivyo, bila kitu kuning'inia.

Mwalimu alifikiri. "Mbili zitie mfuko. Moja ikate ilivyo. Nataka nichague mwenyewe asubuhi."

Blauzi zilikuja baada ya siku chache. Kile kitambaa cha akiba cha ndani ya mishono ndicho kilichomwezesha Fundi kuzigeuza bila kuonekana kiraka. Mpwa wake alipiga simu hospitali, wakampa tarehe nyingine, na daktari akasema afadhali amerudi mapema kiasi hicho. Asubuhi ya tarehe hiyo nilisimama getini kwangu nimebeba mtoto. Mwalimu alitoka na sketi yake ya kijivu na ile blauzi iliyokatwa ilivyo. Upande mmoja wa kifua chake ulikuwa bapa, na blauzi ilikuwa imetulia juu yake bila mkunjo. Hakuniaga. Alinitazama tu, akapitisha kiganja kwenye kola, akaingia kwenye bajaji. Hakuruka tarehe nyingine tena.

Mume wangu alihamishiwa Geita. Mwanzoni tulipigiana simu, mimi na Mwalimu, kisha maisha yakafanya yanayofanya. Halafu mwaka jana nilipiga nikaambiwa namba haipatikani. Nikapiga tena wiki nzima. Mwishowe nikampata mwenye saluni. Mtandao ulikuwa mbovu. Nilichosikia ni hiki: "Mwalimu? Mwalimu hayupo tena, dada, tangu mwezi uliopita..." na simu ikakatika. Nilipopiga tena haikupokewa.

Sikulala vizuri. Asubuhi nilivaa gauni jeusi, nikafunga khanga kwenye mkoba, nikapanda basi kwenda Mwanza kuhani msiba ambao sikujua unahaniwa wapi.

Kiseke nyumba yake ilikuwa imepakwa rangi ya machungwa. Mahali pa mchicha paliegeshwa pikipiki. Dada aliyetoka alikuwa hamjui mwalimu yeyote. Wao wamepanga kupitia dalali. Saluni ilikuwa imefungwa. Nikaenda Mirongo. Fundi alikuwapo, ndevu zimekuwa nyeupe zote. Aliponiona na lile gauni alisimama.

"Inna lillahi. Nani kafa?"

"Fundi, si Mwalimu?"

"Bi Mwalimu?" Alivua miwani. Mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, anacheka mpaka akashika meza ya cherehani. "Bi Mwalimu alikuwa hapa juzi kunitukana! Kahamia Nyegezi kwa mpwa wake. Simu yake imetumbukia ziwani."

Nilikaa kwenye benchi lake. Nililia palepale mbele ya wateja, kwa sauti, na Fundi akaagiza soda.

Nyegezi nilimkuta nyuma ya nyumba ya mpwa wake, mahali mawe yanaposhukia majini. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, anaparua magamba ya sato wawili wakubwa ndani ya beseni, suruali ya bluu imekunjwa hadi magotini. Nywele zake zilizopukutika kwa dawa zilikuwa zimerudi, fupi, nyeupe kabisa. Alininyanyulia uso, akanitazama juu hadi chini.

"Umefiwa?"

"Shikamoo Mwalimu. Nilidhani nimefiwa."

"Na nani?"

"Na wewe."

Kisu kikasimama. Ziwa lilikuwa linapiga mawe taratibu. "Waitu," akasema. Akaweka kisu chini, akanivuta kwa mikono yake ya magamba, akanikumbatia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na nikausikia moyo wake unapiga upande ule ulio bapa, karibu sana, hakuna kitu katikati.

Aliponiachia alirudi kwenye samaki. "Umekuja siku nzuri," akasema. "Leo asubuhi nilikuwa kliniki. Daktari amesoma vipimo vyote. Kaniambia nisirudi mpaka mwakani."

"Mpaka mwakani?"

"Mwakani. Hana cha kunitazama."

"Ukafanyaje?"

"Nilitoka nje, nikakaa kwenye benchi, nikalia. Watu wakapita. Halafu nikaona njaa, njaa ya ajabu, nikateremka mpaka mwaloni kwa wavuvi nikanunua hawa."

Tuliwakaanga hapohapo kwenye jiko la mkaa. Mpwa wake alileta ugali na pilipili. Mwalimu alikula samaki wake akamaliza, akanyonya miiba, akalamba vidole, kisha akaitazama sahani yangu.

"Kichwa hicho hukitaki?"

Nikampa.